Alijuaje uzito wa mtoto kabla ya kubeba mimba?

Swali: *Mwalimu, shikamoo. Nimekuwa nikitazama michoro ya Mjerumani Paula Modersohn-Becker, hasa ile ya akina mama na watoto. Ile ya mwanzo naielewa: mama wa kijijini ananyonyesha, inasikitisha na inavutia. Ya mwisho inanipa shida. Miili mikubwa, nyuso kama za vinyago, tabasamu hakuna. Halafu ipo ile aliyojichora nusu uchi akiwa na tumbo la mimba, nami nimesoma kwamba siku hiyo hakuwa mjamzito kabisa. Wahenga wamesema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Yeye alijuaje? Na ni hamu ya mtoto iliyombadilisha mkono, au ni nini?*

Jibu: Marahaba, dada. Umeuliza maswali mawili ukayafunga kwa methali moja, na wengi waliokutangulia wameyajibu kwa mkato: alitamani mtoto, basi akajichora anaye. Jibu hilo linaingia akilini upesi, ndiyo maana limedumu. Ila ukizipanga tarehe, linapwaya.

Paula Becker alizaliwa Dresden tarehe 8 Februari 1876. Aliolewa na mchoraji Otto Modersohn tarehe 25 Mei 1901. Mchoro unaokusumbua aliufanya Paris tarehe 25 Mei 1906, na hilo tunalijua kwa sababu ameandika mwenyewe chini ya picha kwamba ameichora akiwa na miaka 30, katika siku ya sita ya ndoa yake. (Ni miaka mitano tangu harusi, anaonekana kuhesabu na siku ya harusi yenyewe.) Mtoto wake wa pekee, Mathilde, alizaliwa tarehe 2 Novemba 1907. Kati ya tumbo la kwenye picha na mtoto mwenyewe imepita zaidi ya miezi 17. Tena Aprili 1906, wiki chache tu kabla ya mchoro huo, alikuwa amemwandikia mumewe kutoka Paris kwamba hawezi kurudi kwake, na kwamba mtoto wa kuzaa naye hamtaki, si kwa wakati ule. Mtu anayechora kwa sababu ya hamu ya mtoto peke yake haandiki barua ya namna hiyo.

Sisemi kwamba hakuwahi kutamani kuzaa. Ninalosema ni kwamba tukiifanya hamu hiyo kuwa ufunguo wa kila kitu, tunamnyang'anya kazi yake ya miaka tisa. Mkono wake ulibadilika kwa sababu za mkono: alichokiona, alichokisoma, alichokikataa. Na kila mkono ulipobadilika, mama yule yule aliyekuwa akimchora tangu ujana alionekana upya. Mabadiliko yenyewe yalikwenda upande mmoja tu, upande wa kuondoa. Nikueleze aliondoa nini, na lini.

Turudi mwaka 1898. Paula ana miaka 22. Ametoka kusoma uchoraji Berlin katika shule ya chama cha wachoraji wanawake, kwa sababu vyuo vikubwa vya sanaa vya serikali nchini Ujerumani karibu vyote vilikuwa vimewafungia wanawake mlango. Anahamia Worpswede, kijiji cha kaskazini karibu na Bremen, katika nyanda za kinamasi ambako wenyeji walichimba udongo mweusi, wakaukausha na kuuza kama kuni. Kikundi cha wachoraji wanaume kilikuwa kimeshapiga kambi huko kufuata ule mwanga wa kaskazini na sura za wanakijiji. Mmoja wao, Fritz Mackensen, ndiye aliyemfundisha. Miaka sita kabla yake, Mackensen alikuwa amechora picha kubwa ya mama wa kijijini akinyonyesha, ameketi juu ya mkokoteni wa udongo ule. Watu wakampa mama huyo jina la Bikira Maria wa Worpswede. Ukiitazama utajua kwa nini: ni maskini, lakini amekaa kwa utulivu wa sanamu ya kanisani, na sisi watazamaji tunatakiwa kumheshimu kwa mbali.

Oktoba mwaka huo huo wa 1898 Paula aliingia katika kibanda kilichojaa moshi akamkuta mama kijana. Alichokiona kimo katika shajara yake. Mama ananyonyesha mtoto wake mkubwa wa mwaka mmoja. Binti yake wa miaka minne anakuja, macho makavu, analing'ang'ania ziwa mpaka anapewa. Na mama anatoa. Paula anaandika kwamba mwanamke yule alikuwa akitoa uhai wake, ujana wake na nguvu zake kwa watoto, kwa wepesi kabisa, wala mwenyewe hana habari kwamba ni shujaa.

Nakuomba umshike huyo binti wa miaka minne, kwa sababu ndani yake mna nusu ya jibu lako. Katika picha ya Mackensen hayupo. Hayumo katika picha nyingi za akina mama watakatifu zilizochorwa Ulaya kwa karne nyingi, ambako mtoto ni mmoja na ziwa linatolewa kwa amani. Paula aliliona ziwa likigombewa. Aliuona mwili wa mwanamke ukiliwa kidogo kidogo na watu wawili wadogo, na mwanamke mwenyewe hashangai. Methali yako ni ya kweli, uchungu wa mwana anaujua mzazi. Lakini Paula hakudai kuujua uchungu. Alidai kuuona uzito, na huo aliuona kwa kukaa kibandani wala asigeuze uso.

Hata hivyo michoro yake ya miaka hiyo haikuwa na uwezo wa kusema alichoandika. Ndiyo unayosema unaielewa, na unaielewa kwa sababu inasimulia. Amechora kwa mkaa kwenye karatasi kubwa, kila mkunjo wa shingo umo, mishipa ya mikono imo, mgongo uliopinda kwa kazi umo. Ni michoro ya mtu mwenye jicho kali. Tatizo lake ni kwamba inatuambia tuhurumie. Tukishahuruma, tumemaliza, tunaondoka. Nadhani alilihisi hilo mapema, maana katika maneno yale yale ya shajara anatamani kwamba siku moja aweze kuchora alichohisi mle kibandani. Alijua kwamba bado.

Desemba 1899 aliweka kazi zake kwenye maonyesho katika jumba la sanaa la Bremen, na mhakiki mmoja wa gazeti la mji ule akazishambulia kwa ukali wa kupita kiasi. Usiku wa kuamkia mwaka 1900 alipanda treni kwenda Paris. Alikwenda mara nne kwa jumla: 1900, 1903, 1905 na 1906. Alisoma katika Académie Colarossi, shule ya binafsi iliyopokea wanawake, akahudhuria na masomo ya viungo vya mwili. Lakini shule yake hasa ilikuwa barabarani na Louvre, jumba kubwa la makumbusho la mji ule. Rafiki yake, mchongaji Clara Westhoff, alikuja kusimulia jinsi Paula alivyompeleka kwenye duka la mfanyabiashara wa picha Ambroise Vollard, akaanza kuzigeuza moja moja picha zilizokuwa zimeegemezwa kwa kutazama ukuta. Zilikuwa za Paul Cézanne, mwaka 1900, wakati wengi hawajalisikia jina hilo. Kwa Cézanne tofaa halisimulii kitu. Limekaa mezani, lina uzito, rangi zake zimeshikana kama matofali. Kijana aliyetoka kuchora mikunjo ya wanakijiji aliona kwamba kumbe picha inaweza kunyamaza na bado ikasimama.

Pigo la pili lilikuja mwaka 1903, na kwangu mimi ndilo kubwa zaidi. Aliziona picha za maiti za Fayum. Hizi ni sura za watu wa Misri ya enzi ya Warumi, kati ya karne ya kwanza na ya tatu, zilizochorwa juu ya vibao vyembamba kwa nta au rangi ya maji yenye gundi, na kufungwa kwenye sanda mahali pa uso wa marehemu. Macho ni makubwa, yanatazama mbele. Nyuma ya kichwa hakuna kitu. Si nyumba, si anga. Uso umeletwa karibu kabisa na mtazamaji, hauna simulizi, hauombi chochote. Katika Februari ya mwaka huo anaandika kuhusu usahili mkubwa wa umbo, kwamba ni jambo la ajabu, na kwamba tangu zamani amekuwa akijaribu kuzitia sura anazozichora usahili ulio katika maumbile.

Sasa rudi kwenye "nyuso kama za vinyago" unazolalamikia. Umeona sawasawa, ila ulichokiona si upungufu. Amezijenga hivyo kwa makusudi, akijifunza kwa wachoraji wa Misri waliokufa zaidi ya miaka 1,600 kabla yake.

Hukuwa wa kwanza kulalamika, na hili nadhani litakufariji. Septemba 1903 Otto mwenyewe aliandika katika shajara yake kwamba mke wake sasa anachora mikono kama vijiko, pua kama magunzi, midomo kama vidonda na nyuso za watu taahira. Maneno hayo yanauma hata leo. Lakini lazima nimtendee Otto haki: ndiye aliyelipia safari za Paris za baada ya harusi, na katika kurasa nyingine za shajara hiyo hiyo anaandika kwamba Paula ana kipaji kuliko wote waliomzunguka. Alikuwa mume aliyeamini kipaji cha mkewe bila kukielewa. Wapo wengi wa namna hiyo.

Hapa niingize jambo ambalo wanaoandika kuhusu Paula na uzazi hulipita mbio. Alipoolewa alikuwa tayari mama. Otto alikuwa mjane, na alikuwa na binti mdogo, Elsbeth, aliyezaliwa 1898. Kabla ya harusi wazazi wa Paula walimtuma Berlin kwa miezi miwili ajifunze kupika, awe mke anayefaa. Kwa hiyo tangu akiwa na miaka 25 aliishi maisha ya mama wa kambo: chakula, nguo, mtoto mwenye maswali. Alijiwekea utaratibu. Asubuhi baada ya kupanga mambo ya nyumba alikwenda kwenye chumba alichopanga kwenye shamba la familia ya Brünjes, akachora, akarudi kwa chakula cha mchana, akaondoka tena mpaka jioni. Alimchora Elsbeth mara nyingi, bustanini, kati ya maua. Alichora pia wasichana wa kijiji waliobebeshwa wadogo zao, mikono imewazunguka kwa nguvu kwa sababu mzigo ni mkubwa kuliko mbebaji. Uzazi aliouona ulikuwa kazi inayogawanywa: mama, dada mkubwa, mama wa kambo. Ukimuuliza tena alijuaje, nitakuambia alikuwa akiishi katikati yake kila siku, isipokuwa mwili wake mwenyewe haujaingia.

Tufike 1906. Februari mwaka huo, akiwa ametimiza miaka 30, alimwacha Otto usiku na kuondoka Worpswede. Kwa rafiki yake mshairi Rainer Maria Rilke, aliyekuwa amemwoa Clara, aliandika kwamba hajui hata atie sahihi gani. Modersohn siye tena, Paula Becker naye siye. Mimi ni Mimi, aliandika, na natumaini kuzidi kuwa hivyo. Alipanga chumba Paris, akaishi kwa fedha za kuomba kwa mumewe, akachora kwa kasi ambayo hakuwahi kuwa nayo. Mwezi Mei alimwandikia dada yake kwamba anakuwa mtu, na kwamba hajawahi kuishi siku za furaha kali kama hizo. Mchongaji Bernhard Hoetger alifika kwenye chumba chake, akaziona picha, akamwambia ni mchoraji mkubwa. Paula alimwandikia baadaye kumshukuru kwa kumpa imani na nafsi yake. Mweke Hoetger akilini, tutakutana naye tena.

Katika miezi hiyo akazaliwa yule mama aliyelala na mtoto wake. Ni picha ya sentimita 82 kwa karibu 125, ipo Bremen. Naijua vizuri, na kila ninapoifundisha naanza kwa kuwauliza wanafunzi waniorodheshee visivyokuwemo. Kitanda hakimo, nguo hazimo, wala dirisha, wala kikombe. Chozi hakuna, tabasamu hakuna. Hatuwezi kusema kama mwanamke ni maskini au tajiri, Mfaransa au Mjerumani. Kibanda cha moshi cha 1898 kimeondoka chote, moshi, mkokoteni na huruma. Kimebaki kitambaa cheupe, na juu yake miili miwili mizito. Mama amelala ubavu, amejikunja kidogo. Mtoto mbele yake naye amejikunja. Mkunjo unajibu mkunjo, kama nusu mbili za kitu kimoja ambazo zimeachana juzi na hazijazoea.

Itazame ngozi. Rangi haikulainishwa. Paula alikuwa na tabia ya kugeuza brashi na kukwaruza rangi mbichi kwa mpini wake, na hata asipokwaruza aliipaka nene na kavu, ikabaki na chembechembe kama ukuta wa udongo. Mchoraji wa kawaida wa siku zile alipochora mwanamke uchi alimlainisha, kwa sababu mwili ule ulichorwa utamaniwe. Mwili huu haujachorwa utamaniwe. Umechoka. Umelala usingizi wa mtu aliyefanya kazi, na nyonga ni pana kwa sababu ndiyo iliyofanya kazi. Na hapo, dada, nadhani ndipo alipoweza kuchora lile aliloliandika miaka minane nyuma: mwanamke anayetoa uhai wake na wala hajui kwamba anatazamwa. Ndiyo maana hakumpa uso wa kutuangalia. Angemchora anatabasamu, angekuwa anatabasamu kwa ajili yetu, na mtoto angebaki pambo.

Upo pia mchoro wa mama aliyepiga magoti akinyonyesha, uliopo Berlin. Huo unakwenda mbali zaidi, karibu na ibada: amepiga magoti juu ya duara jeupe, matunda yamemzunguka chini, majani nyuma, uso umeingia gizani. Wengi huona alama ya mchoraji Mfaransa Paul Gauguin hapo, nami nakubali. Mimi binafsi naupenda kidogo kuliko ule wa kulala, kwa kuwa matunda na majani yanaanza tena kutuambia la kufikiri.

Sasa ile ya tumbo. Baada ya hayo yote nadhani utaiona vingine. Amesimama, mwili umegeuka kidogo, macho yametugeukia. Kitambaa cheupe kimefungwa nyongani. Shingoni mna mkufu wa shanga nene za kaharabu. Mkono mmoja juu ya tumbo, mwingine chini yake, zimeliweka tumbo katikati kama mtu anayepima kitu. Na uso, tofauti na uso wa mama aliyelala, uko wazi: unatuangalia, una shaka kidogo, una udadisi. Inatajwa mara nyingi kuwa picha ya kwanza ya mchoraji mwanamke kujichora mwenyewe uchi. Fikiria ujasiri wake. Kwa mamia ya miaka mwanamke uchi kwenye turubai alikuwa mtu mwingine, anayelipwa kukaa, na aliyeshika brashi alikuwa mwanamume. Paula alizikalia nafasi zote mbili kwa wakati mmoja.

Kuna wanaosema tumbo lile ni sitiari, kwamba amebeba kazi zake, au amejibeba mwenyewe. Inawezekana. Mimi naona jambo la mkono zaidi. Kwa miaka minane alikuwa amewachora wanawake wengine wakiwa wamebeba, na siku ile alitaka kujua mzigo ule unakaaje katika mwili wake. Alilijaribu tumbo kama unavyojaribu vazi mbele ya kioo, akiwa ameondoka kwa mumewe, katika siku ya kumbukumbu ya ndoa yao. Hakuwa akitangaza mimba. Alikuwa akiuliza, na uso wake bado unauliza. Halafu shuka chini uisome sahihi: P.B. Paula Becker. Jina la mume halimo.

Hadithi ya mwaka uliofuata ni fupi na nzito. Septemba 1906 alimwandikia Otto kwamba hamtaki awe mumewe, na siku chache tu baadaye akabadili mawazo. Otto akaja kukaa Paris majira ya baridi. Novemba Paula alimweleza Clara kwamba ametambua yeye si mwanamke wa kuweza kusimama peke yake maishani, na kwamba kilicho kikubwa ni utulivu wa kufanya kazi, ambao ataupata zaidi akiwa kwa Otto. Sidhani alishindwa. Alihesabu fedha na siku. Katika majira ya kuchipua ya 1907 walirudi Worpswede, naye akiwa mjamzito kwelikweli.

Na hapa nikuonyeshe kitu ambacho kama hamu ya mtoto ingekuwa ndiyo iliyouongoza mkono wake, kingetokea kinyume. Mwaka huo wa mimba ya kweli alijichora tena, ameinua mkono wa kushoto wenye maua mawili, mkono wa kulia umelala juu ya tumbo. Lakini amevaa nguo, na tumbo liko ukingoni mwa picha, karibu kukatwa. Mimba ilipokuwa ya kubuni aliiweka katikati, uchi. Ilipokuwa ya kweli aliigusa tu kwa vidole. Na Oktoba, siku zimekaribia, barua zake hazikujaa habari za mtoto. Anamwandikia mama yake kwamba Paris wametundika picha 56 za Cézanne, na laiti angeweza kwenda kuziona.

Mathilde alizaliwa tarehe 2 Novemba kwa uzazi mgumu, na mama akaamriwa kulala, kama ilivyokuwa desturi ya madaktari wa wakati ule. Tarehe 20 Novemba akaruhusiwa kuinuka. Alitembea hatua chache, akaketi, akaomba aletewe mtoto. Damu iliyoganda ilifika kwenye mapafu, akafa palepale. Neno lake la mwisho linasimuliwa kuwa *schade*, yaani ni huzuni ilioje. Alikuwa na miaka 31. Aliacha michoro ya rangi zaidi ya 700, na iliyouzwa wakati wa uhai wake unaihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mwaka 1927 Bremen wakafungua jumba la makumbusho kwa ajili yake, la kwanza duniani lililojengwa kwa heshima ya mchoraji mwanamke mmoja. Miaka kumi baadaye Wanazi waliziondoa picha zake kutoka makumbusho ya Ujerumani na kuziita sanaa iliyooza. Mama wa Kijerumani waliyemtaka wao alikuwa mweupe, laini, anayetabasamu. Wa kwake hakufaa.

Kwa kuwa wewe unachora, nikupe zoezi. Weka mbele yako mama yule aliyelala, ufunike nyuso mbili kwa kiganja. Picha inabaki ileile. Ukaribu wote upo mabegani, magotini, kwenye nafasi ndogo iliyo kati ya miili. Kisha fanya hivyo kwa picha yoyote ya mama na mtoto inayokuliza kwa haraka. Mara nyingi utakuta ukishafunika nyuso, hakuna kilichobaki. Alichokuwa akikitafuta Paula kila alipobadilika kilikuwa hicho: mama anayebaki mama hata usipomwona usoni.

Na tukutane na Hoetger, kama nilivyoahidi. Ukifika makaburini Worpswede utaliona kaburi la Paula kwa urahisi, kwa sababu Hoetger alimchongea mnara mkubwa wa jiwe. Mwanamke amelala nusu uchi, kichwa kimeegemea nyuma kwa kufa, na mtoto mchanga amekaa juu yake. Aliuchonga kwa upendo, sina shaka. Watu wengi hupigwa na huzuni mbele yake, na hudhani wamemwona Paula. Lakini Paula alikuwa ameshasema anataka nini. Februari 1902, akiwa na miaka 26, aliandika katika shajara yake jinsi kaburi lake liwe: lisiwe na tuta. Liwe kitalu cha mstatili chenye mikarafuu myeupe pembeni, waridi nyingi kuzunguka, kijilango cha kupitia wageni na benchi dogo la kukalia kimya. Na katikati, kibao cheusi cha mbao chenye jina lake tu. Tarehe zisiwepo, wala maneno.